Bega linalowaka kilomita ya sita

Swali la msomaji, Dar es Salaam:

“Shikamoo mtaalamu. Nina miaka 41, ni mhasibu. Nilianza kukimbia Septemba 2025, wiki ile Simbu aliposhinda marathoni ya dunia kule Tokyo. Nilianza na kilomita tatu, sasa Jumamosi nafika 14, na nimejiandikisha 21 za Moshi mwishoni mwa Februari. Miguu haina neno. Tatizo ni bega la kulia na shingo upande huohuo. Nikifika kilomita ya sita panaanza kuwaka, nikifika ya tisa shingo imekaza hata kugeuka kuangalia pikipiki siwezi. Kesho yake kuchana nywele ni shida. Nachua dawa, nameza diclofenac, dawa ya maumivu, kabla ya kutoka, nafuu ni ndogo. Simu naishika mkononi ili nione kilomita. Mwisho wa mwezi tukifunga hesabu ndiyo inakuwa mbaya kabisa. Rafiki yangu anasema nikavunjwe shingo kwa mchuaji wake, yaani izungushwe ghafla mpaka ilie, mwingine anasema niache mbio kwa sababu umri umekwenda. Nifanye nini?”

Jibu:

Marahaba, mdogo wangu. Usiache kukimbia. Usiende kuvunjwa shingo. Na hiyo diclofenac ya kabla ya mbio ikome leo. Hayo ni majibu ya haraka, sasa tukae tuongee vizuri.

Katika barua yako kuna sentensi ambayo nadhani uliiandika kama nyongeza tu, lakini mimi nimeirudia mara tatu: kwamba mwisho wa mwezi, mkifunga hesabu, maumivu huzidi. Barabara haijui tarehe. Kilomita sita za tarehe 30 ni zilezile za tarehe 12, lami ileile, viatu vilevile. Kama bega lako linajua tarehe, basi sehemu kubwa ya mzigo linaubeba kabla hujafunga kamba za viatu. Mbio zinalikuta limeshachoka, kisha zinaliongezea kazi nyingine ambayo si yake. Hapo ndipo nitakapokaa katika jibu hili.

Lakini kabla ya bega tuanze na moyo, na naomba hapa usinirukie. Maumivu ya bega, shingo au taya yanayokuja mtu anapojitumikisha na kuondoka anapopumzika yanaweza kuwa ya moyo. Neva zinazoleta habari za moyo huingia kwenye uti wa mgongo karibu na zile za mkono na kifua cha juu, kwa hiyo ubongo huchanganya anwani. Watu wengi wanajua bega la kushoto peke yake, ila hata la kulia huweza, na taya, na ukosi, na katikati ya makombe ya mgongo. Kwa wanawake dalili mara nyingi hazijipangi kama tunavyozisoma kwenye mabango: unaweza kukuta pumzi tu inakata, kichefuchefu, uchovu usioelezeka.

Ninachokitafuta kwa mgonjwa kama wewe ni hiki. Maumivu ya msuli unaweza kuyagusa. Unabonyeza kwa kidole, unasema “hapohapo”. Ukigeuza shingo yanabadilika, ukiinua mkono yanabadilika, na ukishamaliza kukimbia hayaondoki, yanalala na wewe mpaka asubuhi. Ya moyo kwa kawaida hayapatikani kwa kidole. Ni uzito, ni kubanwa, yanakuja na kilima, yanatulia dakika chache baada ya kusimama, yanarudi ukianza tena. Ya kwako yanabaki mpaka kesho yake na yanakuzuia kuchana nywele. Hilo linanituliza, lakini halinitoshi. Una miaka 41 na unaelekea kilomita 21. Kabla ya Moshi nenda ukapimwe presha, sukari na umeme wa moyo, hasa kama nyumbani kwenu kuna aliyewahi kuugua moyo au kiharusi. Na siku yoyote bega likiuma pamoja na kifua kubana, jasho la baridi, kizunguzungu au pumzi kukata, simama. Usijikongoje kurudi nyumbani. Omba msaada, uende hospitali siku hiyohiyo.

Wengine ambao sitaki wanisubiri mimi ni hawa: mwenye ganzi inayoshuka mkononi mpaka vidoleni, au mkono unaoishiwa nguvu mpaka anaangusha vitu, mwenye homa na shingo iliyokaza, aliyeanguka au kugongwa, na yule ambaye shingo imemuuma ghafla, vikali, pamoja na kichwa ambacho hakijawahi kumuuma hivyo, macho yanaona viwili au ulimi unakuwa mzito. Huyu wa mwisho ni wa dharura, si wa kuchuliwa.

Kuna na hawa wanaosema bega linachoma pale nchani kabisa, wakati uleule kichomi kinapowashika mbavuni. Wao bega lao ni zima. Neva inayoendesha kiwambo, ule msuli wa pumzi unaotenga kifua na tumbo, inaanzia shingoni. Kiwambo kikisumbuka, habari hufika kwenye ubongo kama zimetoka begani. Wanapunguza mwendo, wanavuta pumzi ndefu, hawali kingi kabla ya kutoka, kinaisha. Wewe si wa kundi hilo.

Sasa bega lako. Weka mkono wako wa kushoto kati ya shingo na nchani mwa bega la kulia. Ule mnofu ulioushika, ambao kila aliyechoka huushika bila kufundishwa, ni sehemu ya juu ya msuli mpana unaoitwa trapezi. Umeshikilia kisogoni, unateremka ukosini, unatandaa mpaka nchani mwa bega na kushuka hadi katikati ya mgongo. Chini yake umejificha mwingine mwembamba, kamba tu, unaotoka kwenye pingili za juu za shingo hadi kwenye pembe ya kombe la bega. Hii miwili kwenye mbio ina kazi nyepesi: kuuning'iniza mkono ili ubembee. Ni kazi ya kukaza na kulegea, kukaza na kulegea, na msuli unaolegea kila baada ya nukta hauchoki upesi kwa sababu damu inapita. Msuli unaokaza bila kuachia hujibana mishipa yake wenyewe. Ndiyo huo moto unaousikia.

Kwa nini hauachii? Nitaanza na simu.

Mwaka jana nilimfuata mama mmoja ufukweni Coco, maji yametoka, mchanga umekaza vizuri. Malalamiko yake yalikuwa kama yako, ila kwa bega la kushoto. Nilikimbia nyuma yake kidogo, kwa pembeni, nikawa natazama mkono tu. Alikuwa ameishika simu kwa vidole vinne, kidole gumba kimekanyaga kioo chake mpaka ukucha umekuwa mweupe. Nikapandisha macho taratibu: mkono wa mbele umekakamaa, kiwiko hakifunguki wala hakifungiki, kimegandishwa pale pale, na bega limepanda kama mtu anayetaka kuziba sikio. Upande wa pili mkono ulikuwa unabembea bila wasiwasi. Nilimwomba anipe simu. Hatua kama kumi na tano hivi, bega likashuka lenyewe, kama kanga iliyoteleza kwenye msumari. Hakulishusha kwa makusudi, na wala hakujua kwamba lilikuwa juu.

Simu ina kama gramu 200, na utaniambia gramu 200 ni nini. Fanya hesabu, hiyo ni kazi yako. Mkimbiaji wa kawaida hupiga hatua kama 170 kwa dakika. Kwa saa moja ni zaidi ya 10,000, na nusu ya hizo mkono wa kulia umekwenda mbele ukarudi ukiwa na simu. Chupa ya maji ya nusu lita ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Tena uzito peke yake ungevumilika. Kinachoua ni kubana. Mkono ulioshika kitu hauwezi kulegea kwa sababu utakiangusha, na hakuna mtu anayetaka kuangusha simu yake kwenye lami.

Mikono haiendi mbele na nyuma kwa urembo. Mguu wa kushoto ukienda mbele unauzungusha mwili, mkono wa kulia unaurudisha. Mwaka 2014 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Colorado huko Marekani walipima wakimbiaji waliozuiwa kubembea mikono. Waliofunga mikono mgongoni walitumia nguvu zaidi kwa kama asilimia 3, walioikunja kifuani asilimia 9, na walioiweka kichwani asilimia 13. Kwa hiyo mkono wako wa kulia ukigandishwa na simu, mzunguko ule hautoweki. Unahamia kwenye mabega na shingo, wao ndio wanaohangaika kuuzuia. Kila hatua.

Nunua mkanda wa kiunoni wa kuwekea simu, ule wa kitambaa kinachovutika. Ikiwa hutaki kununua kitu, shona mfuko nyuma ya kiuno cha suruali ya mazoezi. Ule wa kufunga mkononi siupendi kwako kwa sasa, unarudisha uzito upande mmoja. Kuhusu kilomita, acha simu ikutajie kwa sauti. Kuitazama kila baada ya dakika mbili maana yake ni kuinamisha kichwa kila baada ya dakika mbili.

Na kichwa si kitu chepesi. Ni kama kilo tano. Chukua dumu la lita tano lililojaa maji, libebe limegusana na kifua chako, utatembea nalo mpaka sokoni. Sasa linyooshee mikono mbele, uone dakika moja ilivyo ndefu. Misuli ya ukosi inafanya hilo la pili kila unapotoa kidevu mbele, kwenye mbio na kwenye kompyuta. Watazame kina mama wanaoshuka na ndoo kichwani: sikio, bega na nyonga viko kwenye mstari mmoja, na mabega yapo chini, yamepumzika. Utafiti uliofanyika Nairobi na kuchapishwa mwaka 1986 ulikuta wanawake wa Kiluo na wa Kikuyu waliozoea kubeba mizigo, wengine kichwani na wengine kwa mkanda wa kipajini, wanaweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia nguvu ya ziada ukilinganisha na kutembea mikono mitupu. Mimi huwaambia wagonjwa: kimbia kana kwamba bibi yako amekuwekea kitu kichwani na hataki kimwagike.

Tatizo la barabara zetu ni kwamba huwezi kutazama mbali moja kwa moja, maana kuna mashimo na mitaro isiyo na mifuniko. Hapo teremsha macho, si shingo. Tazama mita 15 hadi 20 mbele, jicho ndilo lishuke likipanda. Na hiyo ya kugeuka kuangalia pikipiki inaniambia unakimbilia upande wa kushoto, magari yakikutokea nyuma. Hamia kulia uyaone yanakuja. Utaokoa shingo, na si ajabu ukaokoa na maisha.

Namna ya kujikagua bila mtu wa kukufuata nyuma ni kivuli. Toka saa kumi na mbili na nusu, kimbia jua likiwa mgongoni, kivuli chako kitakuwa mbele yako kwenye lami, kirefu. Tazama nafasi iliyopo kati ya kichwa na mabega, kulia na kushoto. Wakati wa kuanza itakuwepo. Kilomita ya nne itazame tena. Nina hakika upande wa kulia utakuta shingo imefupika, na utaiona kabla hujaisikia. Hiyo ndiyo faida yake: unaishika mapema, moto haujawaka.

Ukiiona, vuta pumzi huku ukipandisha mabega yote mawili mpaka masikioni, kwa makusudi kabisa, yabane kwa nukta mbili, halafu yaachie yaanguke pamoja na pumzi, haaa, kwa sauti. Kumwambia mtu “legeza mabega” hakusaidii, kwa sababu asiyejua kwamba amekaza hajui cha kulegeza. Akikaza kwanza, mwili unakumbuka njia ya kushuka. Kisha ning'iniza mikono, itikise kama unakung'uta maji, hatua kumi, endelea. Fanya hivyo kila kilomita hata kama hakuna kinachouma.

Viganja vishike kama umebeba kifaranga cha siku moja: usimwangushe, usimminye. Kidole gumba kilale juu ya cha shahada. Viwiko vikunjwe karibu na pembe mraba, na fikiria kuvirudisha nyuma, usifikirie kuvipeleka mbele. Mbele vitakwenda vyenyewe. Kiganja kikipita kiunoni karibu kikwaruze mkanda wa suruali, na kisivuke kitovu kwenda upande wa pili.

Ila usijitazame mpaka ukaanza kukimbia kama askari wa gwaride. Emil Zátopek, mkimbiaji wa Chekoslovakia, alishinda mita 5,000, mita 10,000 na marathoni katika Olimpiki moja, Helsinki 1952, uso umekunjamana na kichwa kinayumba. Paula Radcliffe wa Uingereza aliweka rekodi ya dunia ya marathoni ya wanawake London mwaka 2003, saa 2:15:25, akitikisa kichwa njia nzima. Mwili wa kila mtu una lafudhi yake. Sikufuti lafudhi, natafuta kinachokuumiza tu. Na ukitaka mfano wa kulegea, mtazame Eliud Kipchoge akikimbia kilomita 42 za Vienna mwaka 2019, saa 1:59:40, na lile tabasamu lake linalokuja pale wengine wanapouma meno. Amewahi kueleza kwamba hutabasamu ili kulegea. Jaribu kukunja ngumi huku umetabasamu kwa kweli, utaona ilivyo ngumu.

Sasa pumzi, na hili nadhani linakuhusu sana. Umetoka kilomita tatu hadi 14 ndani ya miezi minne. Miguu yako imeitika, hongera, lakini nashuku unakimbia kwa kasi inayoizidi pumzi yako. Mtu akihema kwa shida, kiwambo peke yake hakitoshi, mwili unaita misuli ya shingo isaidie kuinua mbavu za juu. Kwa dakika chache ni sawa, imeumbwa kwa hilo. Kwa saa nzima, mara 40 kwa dakika, ni kibarua kisicho na malipo. Kipimo chake tulifundishwa wote shuleni bila kujua ni kipimo: mchakamchaka. Asubuhi ile tulikimbia huku tukiimba, na aliyeshindwa kuitikia alijulikana kwamba mwendo umemzidi. Ukiwa kilomita ya tano, itikia ubeti mmoja. Ukishindwa, punguza mpaka uweze, hata kama wenzako wa klabu wanakupita. Jumamosi ndefu ni ya kukimbia polepole.

Usiku ukilala chali, weka pakiti ya kilo moja ya unga juu ya kitovu, mkono mmoja kifuani. Pumua ili unga upande na kushuka, na mkono wa kifuani ukae kimya. Dakika tano. Wagonjwa wangu wengi hulala kabla hazijaisha, na hilo nalo ni dawa.

Nikuulize na jambo la kike, kwa sababu madaktari wengi wanaume hawaliulizi. Sidiria yako ya mazoezi ina mikanda ya namna gani? Ikiwa ni myembamba, au ni ile inayokutana shingoni, uzito wote wa kifua unaning'inia kwenye msuli uleule unaouma, na unaruka nao kila hatua. Kinachopaswa kubeba ni mkanda wa chini, unaozunguka mbavu. Huo uwe imara, vidole viwili vipite kwa shida kidogo. Mikanda ya mabega iwe mipana na isiache mfereji kwenye ngozi. Ukivua ukakuta mifereji, umepata sababu nyingine, na huenda ndiyo kubwa kuliko simu. Nimeshaona mtu akipona kwa kubadilisha hiyo tu.

Turudi kwenye tarehe 30. Nakuona, ingawa hukunieleza: kompyuta ndogo imelala chini mezani, kidevu kimeifuata, mkono wa kulia umenyooka kwenye kipanya tangu saa mbili, na mtu wa tawini anapiga simu unaibana kati ya sikio na bega ili mikono iendelee kuandika. Hiyo ya kubana simu na bega, ukiniruhusu kukukataza jambo moja tu ofisini, ni hiyo. Weka sauti ya nje au tumia visikizi. Kompyuta iinue kwa karatasi za rimu, mbili au tatu, mpaka ukingo wa juu wa kioo ufike usawa wa macho, utumie kibodi ya pembeni. Kipanya kisogeze karibu, kiwiko kikae mezani. Kila baada ya nusu saa inuka, hata kama ni kwenda kuchukua maji tu. Njiani kurudi, kwenye daladala, ukisimama unashika bomba kwa mkono gani? Na pochi iko bega gani? Nina hakika yote ni kulia. Badilisha: asubuhi kulia, jioni kushoto, na pochi ipunguzwe au iwe begi la mgongoni la mikanda miwili.

Siku za kufunga hesabu usipange mbio ndefu. Kimbia kilomita nne nyepesi, au tembea.

Kuhusu diclofenac. Dawa hiyo na ndugu zake kama ibuprofen hupunguza damu inayofika kwenye figo. Ukiwa nyumbani umekunywa maji, figo nzima huvumilia. Ukiwa kilomita ya kumi na mbili, joto la Januari la Dar, jasho linatiririka, figo tayari zina damu kidogo na wewe unazikaba zaidi. Ongeza vidonda vya tumbo, ongeza presha kupanda. Halafu inakuzibia masikio: msuli unalia, wewe husikii, unausukuma kilomita nyingine tano. Jioni likikusumbua, paracetamol kwa kipimo chake, na taulo lililolowekwa maji ya moto kwa dakika kumi na tano. Dawa ya kuchua haina ubaya, kinachosaidia zaidi ni mkono unaochua.

Kuvunja shingo ni jambo jingine. Ndani ya pingili za shingo kuna matundu ambamo hupita mishipa miwili ya damu kwenda ubongoni. Shingo ikizungushwa kwa ghafla ukuta wa mshipa unaweza kuchanika, damu ikaganda, mtu akapata kiharusi. Hutokea mara chache, lakini likitokea halirudishiki, na mchuaji hana kipimo cha kujua nani ana mshipa dhaifu. Ule mlio unaofurahisha ni gesi ndani ya kiungo, si mfupa uliorudi mahali pake. Nafuu yake huisha ukifika kituoni. Mwambie rafiki yako asante, na ukipata nafasi mwonye na yeye.

Mazoezi sitakupa mengi, kwa sababu najua mwisho wa mwezi utayaacha yote. La kwanza ni la kuvuta. Kwa fundi baiskeli omba mpira wa ndani wa zamani, ukate uwe mrefu, uzungushe kwenye nondo za dirisha usawa wa kitovu, shika ncha mbili, rudi nyuma hadi ukaze. Vuta viwiko nyuma vikipita mbavu, makombe ya mgongo yakaribiane, mabega yasipande. Rudisha polepole. Mara 12, pumzika, rudia mpaka mizunguko mitatu, siku moja ndiyo siku moja hapana. Ukiona mabega yanapanda, umekaza mpira mno, sogea mbele.

La pili ni ndoo. Mbili zinazolingana, lita tano kila moja kwa kuanzia, moja kila mkono. Simama wima na utembee uani mita thelathini hivi, shingo ndefu, maji yasimwagike. Mara nne. Hapa msuli wa bega unajifunza kubeba bila kujikunyata, na hilo ndilo unalolihitaji kilomita ya tisa. Ukizoea, ongeza maji.

La tatu ni la ukutani: kisogo kiguse ukuta, vuta kidevu ndani kana kwamba mtu amekusogezea sahani yenye harufu usiyoipenda, hesabu tano, achia. Mara nane, asubuhi na mchana. Hilo hata ofisini linafanyika.

Mbio zenyewe, umebakiwa na wiki kama sita. Wiki hizi mbili za kwanza Jumamosi rudi kilomita nane. Maumivu huanza ya sita, kwa hiyo usiyasubiri huko: kila ukimaliza kilomita mbili tembea dakika moja, tikisa mikono, pandisha mabega na uyaangushe, endelea. Ukimaliza nane bila moto, wiki ya tatu kumi na moja, ya nne kumi na nne, ya tano kumi na sita au kumi na saba, kisha ya sita pumzisha mwili. Si lazima ukimbie 21 zote mazoezini. Na Moshi ina kupanda, si tambarare kama Dar. Kwenye kilima watu hupandisha mabega wakidhani yatawavuta. Fupisha hatua na rudisha viwiko nyuma, tembea kama pumzi imekata. Hakuna atakayekunyang'anya medali kwa kutembea.

Ukifuata haya na wiki ya tatu bado kilomita ya sita inawaka vilevile, njoo kwa mtu wa fiziotherapia akuone kwa macho, au daktari wa mifupa aipime shingo yenyewe. Maana kuna mabega ambayo kosa lake liko ndani ya kiungo, na barua haiwezi kuligusa.

Jumamosi hii simu ikae kiunoni. Halafu niandikie tena baada ya wiki mbili: moto umeanzia kilomita ya ngapi, kivuli kimekuonyesha nini upande wa kulia, na tarehe 30 bega lilikuwaje.